Zoom, WhatsApp, Signal, Jitsi: dai la "simu salama" tulipimeje?

Mpekuzi
Natafuta huduma ya vikao vya watu kumi hivi. Kila moja inajisifu kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani wanaoongea tu ndio wanaoweza kufungua mazungumzo, si kampuni. Programu ambayo msimbo wake umefichwa, dai lake nitalipimaje?

FunguoMoja
Anza na ufunguo, ile namba ya siri ya kufungulia data iliyosimbwa: unatengenezwa wapi, na nani anaushika? Zoom ilitangaza mwisho hadi mwisho na AES (njia maarufu ya kusimba) yenye ufunguo wa biti 256. Aprili 2020 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, wakakuta AES ya biti 128 kwa mtindo wa ECB, unaosimba kila kipande peke yake, na ufunguo unatolewa na seva za kampuni. ECB ni kosa la mwanafunzi wa darasa la kwanza: vipande vya data vinavyofanana vikisimbwa hubaki vinafanana, basi umbo la picha linavuja. Novemba mwaka huohuo Zoom ikaafikiana na FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, kuhusu madai hayo. Usimbaji wa kweli uliletwa Oktoba 2020, lakini lazima uuwashe, na ukiuwasha unakosa kurekodi kwenye seva na kujiunga kwa simu ya kawaida. Hicho ndicho kipimo changu: seva ikiweza kukurekodia, ufunguo inao.

Mpekuzi
Nikikagua pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kwa programu ya Wireshark je?

FunguoMoja
Utaona data isiyosomeka, basi. Haikwambii ufunguo uko kwa nani.

MzeePakiti
WhatsApp inatumia itifaki ya Signal, yaani kanuni zake za kusimba, nayo ni imara. Ila 2019 kosa la kufurika kwa bafa (data kuzidi nafasi yake kwenye kumbukumbu) katika msimbo wa kupiga simu liliingiza Pegasus, programu ya ujasusi, kwa kupigiwa tu, hata usipopokea. Usimbaji haukuguswa, kilichotekwa ni kifaa chenyewe. Kwa hiyo sasisha mapema. Pia linganisheni ana kwa ana zile tarakimu 60 za kuthibitisha ufunguo, ambazo WhatsApp huonyesha kwa kila mazungumzo, maana msipolinganisha, seva ikikupa ufunguo bandia hutajua.

BintiSeva
Msidhani msimbo wazi unamaliza kazi. Jitsi ni huria, lakini kwenye kikao cha watu wengi seva huifungua sauti kabla ya kuisambaza, mpaka uwashe mwisho hadi mwisho. Signal ya Android unaweza kuijenga mwenyewe ukailinganisha na ile ya dukani. Nafasi hiyo, programu yenye msimbo uliofichwa haikupi. Kwenye simu za Signal za watu wawili, washa pia mpangilio wa kupitisha simu kwenye seva, la sivyo unayeongea naye anaweza kuiona anwani yako ya IP, yaani namba ya kifaa chako mtandaoni. Ubora wa sauti utashuka kidogo.

Mpekuzi
Basi Signal kwa vikao vya siri. Zoom ibaki kwa vile vya kurekodiwa.