Anayepinga utoaji mimba, ampiganie na aliyehukumiwa kunyongwa?

Wadau, jambo hili linanikera siku nyingi. Naomba tulijadili kwa hoja, matusi tuweke kando.

Wapo wanaosimama kidete kupinga utoaji mimba, lakini ukigusia hukumu ya kifo wanakujibu, "Anyongwe tu." Wapo pia wanaomlilia mfungwa anayesubiri kitanzi, ila habari za mtoto aliye tumboni hawataki hata kuzisikia. Kila kambi ina uhai inaoulinda na uhai isioujali.

Desemba 1983, katika Chuo Kikuu cha Fordham, Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alisema masuala haya hayatenganishiki. Anayetetea haki ya kuishi ya aliye dhaifu kabisa, alisema, lazima aonekane vilevile akimtetea mzee, mwenye njaa na asiye na makazi. Msimamo huo ukaja kuitwa vazi lisilo na mshono, yaani uhai ni kitu kimoja kisichogawanywa vipande. Mimi naukubali. Anayemwambia msichana azae, halafu akampa kisogo siku mtoto anapozaliwa, ametetea uhai kwa miezi tisa tu.

Najua jibu linalokuja: mtoto hana hatia, muuaji anayo. Ni kweli, na mimi sitaki muuaji arudi mtaani, afungwe. Lakini kama mtu anastahili kuishi kwa sababu tu hana kosa, basi tunachoheshimu ni mwenendo wake, si uhai wake. Tena mahakama hukosea. Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo Maryland, Marekani, mwaka 1985 kwa mauaji ya mtoto. Mwaka 1993 vipimo vya vinasaba vikaonyesha siye. Angekuwa ameshauawa, vipimo vile vingemsaidia nini?

Kuhusu vita sina mengi: bomu linaloangushwa mjini halichagui askari na mtoto.

Panaponiwia vigumu ni kitandani kwa mgonjwa asiye na matumaini ya kupona. Uholanzi imeruhusu kisheria tangu 2002 daktari amsaidie mgonjwa wa namna hiyo kufa, kwa masharti. Maumivu yale siyabezi hata kidogo. Aliyewahi kukesha na mgonjwa anajua kwamba kuna usiku unapomwomba Mungu amchukue. Hata hivyo, kuzima mashine isiyosaidia tena, ukaacha ugonjwa umalize safari yake, si sawa na kumdunga sindano ili afe. Ninachohofia zaidi ni yule mzee atakayeomba sindano kwa sababu ameona watoto wake wamechoka kumuuguza. Hiyo tutaiita hiari yake?

Naomba wanaotetea kitanzi waanze: mkigundua baadaye kwamba mliyemnyonga hakuwa na hatia, mtaiambia nini familia yake? Na ninyi mnaopinga kitanzi lakini mko kimya kuhusu mimba, uhai mnaoutetea unaanzia wapi?