Mvua imekata Ismani (Iringa), mahindi yana wiki sita: niweke mbolea ya urea, nipande upya au niwakatie ng'ombe?

Mwana_Ismani
Wakuu, shamba ni ekari 3, udongo wa kichanga mwekundu. Mahindi ya muda wa kati, nafasi sm 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, yalipandwa mwishoni mwa Novemba na mbolea ya kupandia ya DAP. Mvua imekata karibu wiki tatu. Kufika saa nne asubuhi majani yameshajikunja. Urea mifuko 3 iko stoo, ng'ombe ni wanne na malisho yameisha. Majirani wameanza kung'oa. Nishike lipi?

Jembe_Uyole
Urea iache hukohuko stoo. Ukiimwaga juu ya udongo mkavu wenye joto, sehemu yake inaweza kugeuka hewa na kupotea, na ile inayobaki karibu na mizizi inazidi kuunyima mmea maji. Subiri mvua iliyoloanisha udongo sm 15 kwenda chini (chimba uone, usikadirie kwa macho), kisha weka nusu mfuko kwa ekari, uifukie sm 5 pembeni ya shina. Nusu ya pili uiweke tu kama mvua imeendelea.

Kabla ya kung'oa, pima kama shamba liko hai. Nenda alfajiri. Majani yakiwa yamefunguka, mmea unajilinda tu na jua la mchana. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, hali ni mbaya. Ng'oa mashina machache sehemu tofauti, uyapasue kwa urefu: kiini cheupe na kigumu kinapona, cha kahawia na kilicholainika kimekufa. Halafu pima mita 13.3 kwenye mstari mmoja. Kwa nafasi yako hizo ni mita za mraba 10, zinapaswa kuwa na miche kama 44. Rudia sehemu tano. Wastani wa miche hai ukiwa 22 na zaidi, usiing'oe. Ukame unaoua mavuno hasa ni ule wa wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya mbelewele kutoka, na ya kwako bado hayajafika huko.

Palilia sasa, juujuu, sm 3 hadi 5. Magugu yanakunywa maji kuliko watu wanavyodhani, ila jembe likizama sana linakata mizizi na kufungua unyevu uliobaki. Wakati huohuo funga mifereji kati ya mistari kwa vizuizi vya udongo kila mita 2 au 3, vifupi kidogo kuliko tuta lenyewe ili mvua kubwa ipite juu ya kizuizi bila kuvunja tuta. Chungulia pia moyo wa mmea: viwavijeshi vamizi hustawi sana kipindi cha ukavu.

MamaKunde
Naongeza kuhusu kupanda upya, maana hapo watu wanachoma pesa. Hesabu kuanzia Aprili kurudi nyuma, maana huko Ismani mvua huaga mwezi Aprili. Ukipanda mwisho wa Januari una siku 80 hivi. Mahindi mapya hayaingii, na hata mtama wa Macia, unaotaka siku zaidi ya 100, umeshachelewa. Kinachoingia ni kunde za muda mfupi au choroko. Kunde sm 50 kwa 20, kilo 8 hadi 10 kwa ekari, kwenye zile sehemu zilizokufa tu. Na usipande kwenye vumbi kwa kutegemea wingu.

Mfugaji_Mbarali
Mkuu, kwenye ng'ombe nenda taratibu. Mahindi yaliyopigwa na ukame hulimbikiza naitreti (chumvi ya naitrojeni, ikizidi ni sumu) kwenye sehemu ya chini ya bua, na inaweza kumuua ng'ombe ndani ya saa chache: anahema kwa shida, damu inakuwa rangi ya chokoleti. Kata ukiacha sm 30 chini. Usikate ndani ya wiki moja baada ya mvua kurudi, ndipo naitreti inapopanda. Usimpe ng'ombe mwenye njaa kali, mtangulize na majani makavu. Shamba lililowekwa urea hatari yake ni kubwa zaidi, sababu nyingine ya kuuacha ule mfuko.

Salama zaidi ni sailaji, yaani malisho yaliyochachushwa bila hewa; uchachu hupunguza naitreti. Katakata vipande vya sm 2 au 3, kamua konzi moja: maji yakichuruzika, anika kwanza. Molasesi lita 1 kwenye maji lita 3 kwa kila kilo 70 hivi. Shindilia kwenye mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa iishe, funga, ukae siku 30. Ukifungua ukakuta ukungu, hewa iliingia, hiyo tupa.

Mtama mchanga nao, ukinyauka, una sumu nyingine. Chini ya sm 60 usilishe.

Mwana_Ismani
Nimeelewa, kesho alfajiri napima. Na yatakayobahatika kuzaa, kuna la kuangalia?

Jembe_Uyole
Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mahindi yaliyozaa katika ukame hushambuliwa shambani kabla hujayagusa. Vuna yakikauka tu, usiyalaze chini, anika kwenye turubai, tenga yaliyooza na yaliyotobolewa. Kupika hakuiondoi. Kupima ukavu, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15: chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani.