Nimekuta mbebwa kwenye chumba cha mabinti. Kanuni inataka nimtoe, ninyi mngefanyaje?

WodeniMgeni:
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, muhula huu nimeingia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, chuo cha umma hapa Dar, nikapewa jengo la mabinti. Leo tumekagua vyumba kwa sababu ya majiko ya koili. Wanapika wali kwa ekstensheni moja yenye pasi na chaja nne, waya umeanza kuyeyuka. Kwenye chumba kimoja cha vitanda vinne nikakuta watu sita. Wawili wanabebwa, yaani hawakupangiwa kitanda, wanalala kwenye vitanda vya wenzao. Mmoja kwao Kimara tu, aliondoka na begi lake kabla sijamaliza kuandika. Wa pili ndiye shida yangu.

Yuko mwaka wa kwanza, ametoka Kigoma. Ada ya muhula kalipiwa na mjomba. Mkopo aliomba kama aliyefiwa na baba, lakini cheti cha kifo hakikuwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, akakosa. Kitanda nacho kimempita kwa kuwa siku za kulipia hakuwa na hela. Analala mzungu wa nne na dada wa mwaka wa tatu, wametoka kijiji kimoja.

Kanuni iko wazi: mbebwa anatoka, mbebaji anapoteza kitanda. Bosi yuko safarini mpaka Jumatatu. Nikiripoti nimewatoa wote wawili, nisiporipoti nimeficha. Nisaidieni, hasa mliowahi kukalia kiti hiki.

Sheria_Msumeno:
Toa wote wawili dada. Ukimhurumia huyo, wiki ijayo chumba kina kumi. Kanuni walizisaini wenyewe siku ya kuripoti.

NilibebaPia:
Mkuu hapo juu, umewahi kutafuta chumba mtaani hapa Dar? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja ya kwake. Mtoto wa Kigoma asiye na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ataitoa wapi? Vitanda vyenyewe havitoshi. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, zilifunguliwa 2017 na nafasi 3,840, tukadhani mambo yameisha, wapi!

Mimi nilibeba mtu. Bumu ni 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo. Mkiligawana, mchana ugali maharage, usiku chai na chapati moja moja, siku za mwisho kabla ya kusaini bumu jingine mnaombana chumvi. Hakunilipa kitu, alikuwa ananiwahia siti na kunifundisha takwimu. Bila yeye ningekuwa nimedisko, nimeondolewa chuo kwa kufeli.

MzeeWaFunguo:
Binti yangu, nimeshika funguo za mabweni mpaka nimestaafu. Hapo umechanganya mambo mawili.

Majiko yaondoe leoleo, hayamsubiri bosi. Huyo mtoto, hatari yake haiko kwenye godoro. Hatari ni kwamba hayumo kwenye daftari. Moto ukiwaka saa nane usiku utaita majina manne, wanne wataitika, na watu wa zimamoto wataambiwa chumba hakina mtu. Kwa hiyo usiku huu andika jina lake, namba ya usajili, chumba alichomo na simu ya mjomba. Huko si kumlea, ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Kesho asubuhi nenda kwa anayegawa vitanda. Nenda mwenyewe, usipige simu, kwa simu watakwambia pamejaa. Omba orodha ya waliopangiwa na hawajaripoti. Kila mwaka wapo: mmoja kapata chuo kingine, mwingine kaahirisha mwaka, mwingine kaolewa. Hela ya kitanda aombe kulipa kwa awamu, kwa barua iliyopita ofisini kwenu. Maneno ya mdomo mhasibu hayasikii.

Mkopo haujafa. Bodi ya Mikopo ikishapanga awamu zake hufungua dirisha la rufaa, na wengi huanza kuhangaikia vyeti siku hiyo, wakati umeshapita. Uhakiki wa RITA auanze sasa, ni mtandaoni. Mwulize pia, mkiwa wawili tu, kama kwao wamo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Bodi inakitazama kigezo hicho, ila watoto wanaona aibu kukitaja. Halafu mpeleke wewe mwenyewe kwa afisa mikopo wa chuo. Wa mwaka wa kwanza akiambiwa njoo kesho mara mbili, harudi.

Na mwulize bima ya afya, ile 50,400 ya NHIF. Aliyekosa kitanda mara nyingi na kadi hana, utakuja kulijua hilo siku ya malaria.

Ripoti iandike kweli tupu: amekutwa, ameorodheshwa, anatafutiwa nafasi, shauri linamsubiri Mshauri. Mbebaji usimwondoe. Ana haki ya kusikilizwa, na wewe si kamati ya nidhamu.

Sheria_Msumeno:
Hapo kwenye daftari mzee umenipata. Kwingine bado nabisha.

WodeniMgeni:
Shikamoo mzee wangu. Jina niliandika usiku uleule. Kwenye jengo langu peke yake wasioripoti wako watatu, na aliyegawa vitanda aliniambia pamejaa kabla hajafungua hata orodha! TASAF kweli, mama yake yumo tangu binti yuko shule ya msingi. Bima hana. Sasa huyu mbebaji ananililia nisimtaje kabisa, yuko mwaka wa mwisho.

MzeeWaFunguo:
Marahaba mwanangu. Kumtaja lazima, jina lake ndilo la chumba. Mwambie aandike maelezo yake mwenyewe, nusu ukurasa: huyu ni nani kwake, amekaa tangu lini, kwa nini. Asaini, uambatishe kwenye ripoti. Kamati ikimwona amejieleza kabla ya kuitwa, humwonya na kumwacha amalize. Wasiyemvumilia ni anayeuza nafasi, na wapo wanaotoza kwa wiki. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu ujue kama alikuwa anamlipisha.

WodeniMgeni:
Nimeshawauliza, kila mmoja peke yake. Hamlipishi. Maelezo ataniletea kesho baada ya kipindi cha saa nne.