YAH: Malimbikizo ya kodi ya nyumba ya pauni 3,600 na notisi iliyofika Jumanne

Ujumbe wa kwanza: dada anayeomba ushauri

Ndugu zangu, salaam.

Naandika baada ya kusitasita kwa siku nne. Nimepanga nyumba ya mtu binafsi hapa England, nina watoto wawili, na kodi yangu ni pauni 950 kwa mwezi. Mwezi Machi zamu zangu kazini zilipunguzwa kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Machi na Aprili nililipa nusu ya kodi, Mei nikapata 200 tu, na Juni na Julai sikulipa chochote. Deni limefika pauni 3,600. Jumanne nimepokea notisi ya kifungu cha 8, yaani ya mwenye nyumba kutaka arudishiwe nyumba, inayotaja sababu ya 8, ya 10 na ya 11, zote za deni la kodi, na inasema kwamba mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani baada ya wiki nne. Wakala wake amenipigia simu akasema nikirudisha funguo kabla ya mwisho wa mwezi tutamalizana bila kesi. Ndugu mmoja ananishauri nikubali, nihamie kwa rafiki na nibadilishe namba ya simu. Mwingine ananiambia nichukue mkopo wa haraka wa mtandaoni nilipe zote. Naomba aliyepita njia hii anieleze.

Ujumbe wa pili: kaka aliyewahi kupelekwa mahakamani kwa deni la kodi

Dada yangu, pole sana, na umefanya vema kuuliza mapema. Kabla ya yote nakuomba usirudishe funguo, usitie sahihi karatasi yoyote ya wakala, na usichukue mkopo ule. Nitaeleza kwa nini, na utaniwia radhi nikiandika kwa kirefu.

Notisi uliyopewa si amri ya kuhama. Ni taarifa kwamba mwenye nyumba anakusudia kumwomba hakimu amrudishie nyumba, na kati ya kukusudia na kurudishiwa kuna hatua ambazo hawezi kuziruka. Sababu ya 8 ndiyo yenye meno, kwa kuwa ikithibitishwa hakimu analazimika kutoa amri hata kama moyoni anakuhurumia. Sababu ya 10 na ya 11 ni za hiari: hakimu anapima kama ni haki kukutoa, na anaweza kukuacha ndani kwa sharti la kulipa deni kidogo kidogo. Kwa hiyo kazi yako kubwa kuanzia leo ni kuiondoa sababu ya 8 mezani, ili zibaki hizo mbili.

Tangu tarehe 1 Mei 2026, Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 ilipoanza kufanya kazi, sababu ya 8 inadai deni lisilopungua kodi ya miezi mitatu, na notisi yake ni ya wiki nne. Zamani ilikuwa miezi miwili na wiki mbili. Jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui ni kwamba deni hilo ni lazima liwepo siku mbili: siku unapopewa notisi, na siku ya shauri lenyewe. Miezi mitatu kwako ni pauni 2,850. Siku ya notisi ulikuwa umeivuka, na hilo halirudi nyuma. Lakini ukiingia mahakamani ukiwa unadaiwa pauni 2,849, sababu ya 8 imeanguka. Ukidaiwa 2,850 kamili, imesimama. Pauni moja ndiyo inayotenganisha kubaki na kutoka, na nakusihi uibandike namba 2,849 mahali unapoiona kila siku.

Fanya hesabu sasa. Unahitaji kupunguza pauni 751, na wakati huo huo kodi ya Agosti na ya kila mwezi utakaofuata hadi siku ya shauri iwe imelipwa kamili, la sivyo unachota maji kwa pakacha. Ndiyo maana mkopo ule wa mtandaoni haukufai: huhitaji pauni 3,600 zenye riba ya kuumiza, unahitaji 751 na kodi ya mwezi isiyokatika. Kama kuna ndugu anayeweza kukukopesha bila riba, mwombe kiasi hicho, na fedha hizo zisiguse kitu kingine.

Kabla ya kukopa hata hivyo, hakikisha deni lenyewe ni la kweli. Nilipopelekwa mahakamani mwaka 2023, kodi yangu ilikuwa pauni 700 na wakala alidai nadaiwa 1,510, yaani juu kidogo ya miezi miwili ya wakati ule. Nilikaa usiku mmoja na taarifa za benki upande huu na hesabu ya wakala upande ule, nikipitisha rula mstari kwa mstari na kutia alama ya penseli kila malipo yalipokutana. Malipo ya pauni 430 ya mwezi wa tisa hayakuwa na mwenzake. Yalikuwa yameandikwa kwenye chumba cha mpangaji aliyehama kabla yangu, kwa sababu nilisahau kuweka namba ya kumbukumbu. Deni likashuka hadi 1,080, hakimu akabaki na sababu za hiari peke yake, akaniruhusu kuendelea kukaa kwa kulipa kodi ya mwezi na pauni 60 juu yake. Wakala hakuwa na nia mbaya. Lakini kama nisingeikagua ile karatasi, ningetolewa kwa kosa la mtu mwingine. Omba hesabu kamili kwa maandishi leo.

Angalia pia amana yako, yaani fedha za dhamana ulizompa mwenye nyumba ulipopanga. Mwenye nyumba alipaswa kuisajili katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30 tangu alipoipokea. Mifuko ni mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme, na yote unaweza kuitafuta mtandaoni bila malipo. Kama hakuisajili, unaweza kumdai fidia ya kati ya mara moja na mara tatu ya amana, na madai hayo yakiwekwa kwenye utetezi yanaweza kupunguzwa kutoka kwenye deni. Isitoshe, kwa sheria ya sasa hakimu hawezi kumpa amri ya kukutoa kwa deni la kodi wakati amana haijalindwa, ingawa mwenye nyumba anaruhusiwa kulirekebisha kosa hilo kabla ya shauri. Vivyo hivyo kwa matengenezo: kama uliripoti ukungu au mfumo wa kupasha joto uliokufa naye hakushughulika, ujumbe na picha zako ni sehemu ya utetezi. Usiache tu kulipa kwa ajili hiyo, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kuhusu msaada wa fedha, nenda kwa uangalifu kulingana na viza yako. Kama viza yako inakuzuia kupokea fedha za umma, usiombe Universal Credit (malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji, kwa kuwa kosa hilo ni zito kuliko deni. Kama huna zuio, omba mara moja, kwa sababu saa zikipungua mtu aliye kazini naye anaweza kustahili, na deni lililotokana tu na malipo hayo kuchelewa kufika halihesabiwi katika sababu ya 8. Kwa vyovyote vile, kuna mambo mawili ambayo viza haiyazuii. La kwanza ni ushauri wa kisheria wa bure: tangu Agosti 2023 mtu yeyote aliyepewa notisi ya kutolewa anaweza kupata ushauri unaolipiwa na serikali, bila kuulizwa kipato chake. La pili ni muda wa kupumua wa siku 60, ambao unaombewa na mshauri wa madeni, si wewe mwenyewe. Mashirika ya ushauri wa bure ya StepChange na Citizens Advice yanaweza kukuongoza. Katika siku hizo wanaokudai hawaruhusiwi kuongeza riba wala kukufuatilia kwa deni lililosajiliwa, lakini kodi mpya inapofika lazima uilipe, na nafasi hiyo hupatikana mara moja tu katika miezi 12. Kwa kuwa notisi umeshapewa, muulize mshauri ni lini iombwe ili ikufae zaidi.

Nirudi kwenye funguo, kwa sababu hili linaniuma kila ninapolisikia. Kuhama hakufuti deni. Mwenye nyumba ana miaka sita ya kukudai, na kama una mdhamini atamfuata yeye. Hukumu ya deni hukaa kwenye kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita isipolipwa ndani ya mwezi mmoja, na wakala wa nyumba inayofuata ataiona. Baya zaidi, ukiondoka mwenyewe halafu ukaenda halmashauri ukiwa na watoto, wanaweza kusema umejitakia kukosa makazi. Nenda kwao sasa ukiwa bado una paa. Ikionekana unaweza kupoteza makazi ndani ya siku 56, wana wajibu wa kisheria wa kukusaidia kulizuia hilo, mradi hadhi yako ya uhamiaji inaruhusu. Na hata isiporuhusu, idara ya ustawi wa watoto inaweza kuisaidia familia chini ya sheria ya watoto ya mwaka 1989. Beba hati za mshahara za kabla na baada ya Machi, ili waone kwamba kodi ilikushinda, si kwamba uliipuuza.

Mwisho, mwandikie mwenye nyumba, si wakala peke yake. Andika kwa kifupi: zamu zilipungua tarehe fulani, kodi ya Agosti nitailipa kamili tarehe 1, deni nitalipunguza kwa kiasi hiki kila mwezi. Ahadi ya pauni 40 inayotimizwa ina uzito mbele ya hakimu kuliko ahadi ya 300 iliyovunjwa mwezi wa pili.

Ujumbe wa tatu: mama anayewasindikiza watu mahakamani

Wanangu, kaka ameeleza vizuri. Mimi naongeza yale ya siku yenyewe.

Mahakama itakutumia karatasi za madai pamoja na fomu ya utetezi, nayo inatakiwa irudi ndani ya siku 14. Ukichelewa, bado ijaze na bado uhudhurie. Niliwahi kumsindikiza kijana aliyekuwa ameweka bahasha tatu juu ya friji bila kuzifungua, na fomu ile ilikuwa katika ya pili. Tuliijaza kwenye benchi la ukumbi, na hakimu aliisoma.

Shauri lenyewe mara nyingi halizidi dakika kumi, hivyo fika saa nzima kabla. Mwambie karani wa mlangoni kwamba unataka kumwona mshauri wa zamu; atakuita pembeni, atazipitia karatasi zako na kuingia nawe ndani, bila malipo. Kama Kiingereza cha mahakamani kinakupa shida, omba mkalimani wiki kadhaa kabla, na usimtumie mtoto. Hakimu akitoa amri chini ya sababu ya 8, kwa kawaida unapewa siku 14, na ukieleza shida kubwa, kama vile watoto au ugonjwa, anaweza kuzifikisha wiki sita, zaidi ya hapo hana uwezo. Hata siku hizo zikiisha, mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa kwa mkono wake. Wanaotoa watu ni maofisa wa mahakama tu. Akibadilisha kitasa au kutupa vyombo nje, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977, na unapiga simu halmashauri na polisi saa hiyo hiyo.

Mambo haya ni ya England. Scotland na Wales wana sheria zao.

Ujumbe wa nne: dada aliyeomba ushauri

Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nimetafuta amana yangu ya pauni 1,090 katika mifuko yote mitatu na haimo hata mmoja. Nimepiga picha za kila ukurasa zikiwa na tarehe. Katika hesabu ya wakala, pauni 200 za Mei hazipo, kwa hiyo yeye anasema 3,800 na mimi nina risiti ya benki. Kaka yangu atanikopesha 800 wiki ijayo, na nitaziingiza moja kwa moja nikiweka namba ya kumbukumbu. Nimepata miadi na mshauri wa sheria Alhamisi saa nne asubuhi, na wakala nimemjibu kwa barua pepe kwamba funguo sirudishi.