Naomba ushauri: matembezi ya miguu kwenye mitaa ya mabenki, Posta

Mstaafu wa Kaunta

Ndugu zangu, salaam. Nilifanya kazi ya benki katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, nakusudia kuwatembeza vijana na wageni katika mitaa ya Posta ili niwasimulie jinsi fedha zilivyopata makao katika mji huu alioanza kuujenga Sultani Majid miaka ya 1860. Njia yangu inaanzia Boma la Kale, inafuata Barabara ya Sokoine hadi jengo la NBC (Benki ya Taifa ya Biashara), inapanda Mtaa wa Azikiwe hadi Sanamu ya Askari, kisha inaishia Mtaa wa Mirambo, kwenye minara miwili ya Benki Kuu. Jaribio la kwanza, siku ya Jumanne, liliharibika: mlinzi wa jengo moja alitufukuza baada ya kijana mmoja kupiga picha langoni, na jua la saa saba likawamaliza waliobaki. Je, nihamie Jumapili, ingawa mabenki hufungwa? Na masimulizi niyaanzie kwa Wajerumani au kwa Azimio la Arusha?

Binti Kisutu

Shikamoo mzee. Hamia Jumapili, saa moja asubuhi, wakati unaweza kusimama kando ya barabara ukasikika bila kupigiwa honi. Milango kufungwa si hasara, kwani hata Jumanne hakuna meneja ambaye angekuruhusu kuwapanga watu ishirini mbele ya kaunta zake. Angalia tu saa za ibada, maana njia yako inapita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front.

Karani wa Zamani

Mzee mwenzangu, usianze na Wajerumani. Hao wasubiri Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, iliyosimama palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Wewe ni mtu wa kaunta, basi anza na noti. Waeleze kwamba hadi mwaka 1966 tulitumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kwamba Benki Kuu ilifungua milango tarehe 14 Juni mwaka huo, na kwamba miezi minane haijatimia, tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya kigeni yakataifishwa na NBC ikazaliwa. Hayo yaseme ukiwa mbele ya jengo lenyewe, kisha umalizie na mwaka 1997, NBC ilipogawanywa na benki ya NMB ikapatikana.

Mpita Njia

Kabla hujatoza hata shilingi, shughulikia leseni ya kuongoza watalii. Suala la picha litangaze pale Boma, kabla hamjaanza kutembea, na minara ya Benki Kuu muitazame kutoka ng'ambo ya barabara.

Mstaafu wa Kaunta

Marahaba, binti, nanyi nyote nawashukuru. Nyumbani ninayo noti ya shilingi kumi ya toleo lile la 1966, yenye sura ya Mwalimu akiwa kijana. Nitaizungusha mikononi mwao pale Boma, ila kwanza niitie kwenye plastiki. Leseni naanza kuifuatilia Jumatatu.