Zirkonia yenye yuropiamu imebadili rangi, na sampuli tupu nayo inawaka

Kijana_wa_Fuwele
Habari zenu wakuu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, natengeneza unga wa zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) wa chembe za nano na kuutia yuropiamu, metali ya kuufanya uwake. Nauchoma kwa nyuzi 1000 kisha nausaga. Sampuli ya asilimia 1 inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 614, lakini ya asilimia 5 kilele cha mwanga kimerudi 606. Mashine ni ile ile. Kinachoninyima usingizi ni hiki: sampuli isiyo na yuropiamu kabisa inatoa mwanga hafifu wa kijani-buluu, na zote zina mistari miwili myembamba karibu na 694. Niite fundi wa mashine?

Mama_Tanuru
Mashine iache, mwanangu, inakwambia kweli.

Zirkonia safi katika joto la kawaida hukaa kwenye umbo la fuwele liitwalo monokliniki. Ikipita nyuzi 1170 hivi hugeuka umbo jingine, tetragonali, na ikipoa hurudi huku ikivimba asilimia 4 hadi 5, ndiyo maana vidonge vya zirkonia safi hupasuka. Sasa yuropiamu ina chaji tatu, zirkoniamu nne. Zikiingia ioni (atomi zenye chaji) mbili za yuropiamu, nafasi moja ya oksijeni hubaki wazi. Nafasi hizo, pamoja na unene wa ioni yenyewe, huizuia tetragonali isirudi nyuma. Yaani uliyemwita aje kuwasha taa amehamisha na kuta za nyumba. Kilele cha 614 ni cha ioni zilizo ndani ya monokliniki, 606 ni cha zile za tetragonali. Kile cha 591 hakitikiswi sana na mazingira, kwa hiyo kitumie kama kipimo cha kulinganishia.

Hakikisha kwa eksirei: monokliniki huonekana kwenye pembe za digrii 28.2 na 31.5, tetragonali 30.2. Ila usiandike "tetragonali" haraka. Umbo la kyubiki nalo huangukia hapo hapo, na chembe zikiwa ndogo vilele hunenepa vikameza tofauti. Angalia karibu na digrii 74 kama kuna kilele kimoja au viwili. Ukienda kwenye Raman (kipimo cha kutambua umbo kwa leza), leza ya kijani ya 532 itaiamsha yuropiamu yenyewe na mwanga wake utafunika kila kitu. Omba leza nyingine.

Kijani-buluu nadhani ni titaniamu iliyokuja na chumvi yako ya zirkoniamu. Sehemu chache kwa milioni zinatosha. Wapo wanaoutaja upungufu wa oksijeni, lakini mimi ningeanza kwa kupima titaniamu. Unasagia kinu gani?

Mchuuzi_wa_Rubi
Hiyo mistari miwili naijua! 692.9 na 694.3 ni kromiamu ndani ya alumina (oksidi ya alumini), yaani rubi. Ndiyo iliyotoa leza ya kwanza ya Maiman mwaka 1960. Sisi huku Arusha tunamulika mawe kwa tochi ya urujuanimno: rubi yenye chuma nyingi huwaka hafifu hata ikiwa na rangi nzuri, maana chuma humeza mwanga. Kwa hiyo kijana atazame na chuma pia, hata kijiko anachochotea kama kina kutu.

Kijana_wa_Fuwele
Shikamoo Mama. Kinu ni cha alumina, na ndani kimeanza kuchubuka. Nikipandisha yuropiamu hadi asilimia 15, mwanga utaongezeka?

Mama_Tanuru
Marahaba. Basi 694 imepata mwenyewe. Kwenye alumina, kromiamu kidogo sana huonekana wazi hivyo. Tafuta kinu cha akiki.

Asilimia 15 usitarajie mengi. Ioni zikisogeleana hupokezana nishati hadi ifike kwenye kasoro fulani ya fuwele na kuishia kuwa joto. Adui wako mkubwa kwa sasa ni uso wa chembe: unga wa nano una uso mwingi, na hidroksili (vikundi vya oksijeni na haidrojeni) zilizoganda hapo hunyonya nishati ya yuropiamu. Chukua hiyo ya asilimia 5, ichome kwa nyuzi 800, 1000 na 1200, kisha pima muda ambao mwanga unachukua kufifia. Muda ukirefuka kadiri joto linavyopanda huku kilele kikibaki 606, hidroksili zinatoka na umbo limeshika. Kikianza kuchomoza cha 614, yuropiamu haitoshi kuzishika chembe zilizokua. Weka picha za spektra hapa tuzione.