Matete ya Ruvu yafyekwe kabla ya masika au yaachwe?

Hoja iliyopo mezani: wakulima wa mpunga bonde la chini la Ruvu, Bagamoyo, wanataka matete yaondolewe kwa kuwa kwelea hulala humo. Wapinzani wanamtetea kijindege wa matete wa Basra (Acrocephalus griseldis), aliye hatarini kutoweka.

Mkulima wa Bondeni: Huyo anazaliana Iraki. Kilichompunguza ni kukaushwa kwa vinamasi vya huko, vya Mesopotamia, miaka ya 1990, takriban asilimia 90 vikaisha. Maji yakaanza kurudi 2003. Bagamoyo inaingiaje? Kwelea wakilala hapa, alfajiri wako kwenye punje ikiwa bado maziwa.

Darubini: Kaka, anataga huko lakini anaishi huku. Anafika pwani yetu Novemba na Desemba, Aprili anaondoka. Na moto wa matete huwashwa lini? Januari na Februari, kaskazi ikivuma! Kuhusu idadi, tusidanganyane. Ana ndugu yake mkubwa wa kutoka Ulaya, mzito karibu mara mbili. Huyu wa Basra ni mweupe zaidi tumboni, mdomo mrefu mwembamba, mkia wa kijivu. Kichakani humwoni zaidi ya sekunde mbili, kwa hiyo orodha za macho matupu mimi siziamini. Takwimu za maana zinatoka Ngulia, Tsavo Magharibi, Kenya, ambako tangu 1969 ndege hunaswa kwa nyavu usiku na kuvishwa pete. Hata hizo zina kasoro: mbalamwezi ikiwaka bila ukungu, nyavu hubaki tupu ilhali ndege wanapita juu.

Mpima Maji: Wala hakai kwenye matete tu. Vichaka vizito na majani marefu kandokando ya maji vinamtosha. Acheni ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaulinda tayari. Nje ya hapo fyekeni Agosti, kwa panga.

Mkulima wa Bondeni: Ukifyeka Agosti bila kung'oa mizizi, Februari yamesimama tena. Vibarua unawalipa mara mbili. Na huo ukanda ndio wenye unyevu.

Darubini: Ukifyeka yote, kwelea watahamia malalo mengine, mpunga wako utaliwa vilevile. Halafu itaitwa ndege ya kunyunyizia dawa ya kuua kwelea, fenthion, jioni, na sumu hiyo haimbagui kwelea na mwenzake aliyelala tete la pili. Afadhali theluthi moja kila mwaka, kwa zamu.

Mkulima wa Bondeni: Sawa. Theluthi iliyo mbele ya shamba la nani ndiyo itakayobaki mpaka mwaka wa tatu?